Bibi Niliyemnyamazisha

Mdogo wangu Mwanahawa,

Nakusalimu kutoka huku Uingereza, nikiomba uwe mzima, na Mama, na wote wa hapo Mabawa. Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Barua hii nimeianza na kuichana zaidi ya mara moja, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia, usinicheke.

Umeniuliza mambo mawili. Unaanza masomo ya uuguzi, unataka nikuelekeze. Na Mama halali, anafagia uwanja uliokwisha fagiwa, unataka jina la dawa. Nitakujibu, lakini kwanza sikia yaliyonipata.

Katika hospitali hii ya wagonjwa wa akili ninakojifunza, daktari ninayemsaidia hatumii sindano. Anaweka viti viwili, anakaa na mgonjwa, anamsikiliza. Nilipofika nilidhani anakula mshahara wa bure. Sasa nawaona watu wakiinuka pale wamepumua, na mimi naitaka kazi hiyo hiyo, Mungu akinijalia.

Yupo bibi mmoja, mjane. Mumewe alirudi salama vitani, kisha akafa kwa homa ya mapafu. Tangu azikwe, bibi alikuwa hajalia wala hajamtaja. Anakunja shati la marehemu, analikunjua, analikunja tena. Majuzi nilimpelekea chai, mabega yakaanza kumtetemeka, machozi yakamtoka. Nikamshika mkono kama tufanyavyo kwetu msibani. "Basi mama, nyamaza. Yatosha." Akajifuta, akanywa chai, akanishukuru. Nikatoka kichwa kimenivimba.

Daktari akauliza, "Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Nilimnyamazisha."

Akakaa chini. "Athumani, machozi hayo nimeyangoja tangu kiangazi."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Tangu siku hiyo bibi hasemi ila asante, na shati amelirudia. Kila nikipita na chai napunguza mwendo mlangoni pake. Daktari mwenyewe hajui kama atafunguka tena.

Basi maelekezo yangu ndiyo hayo. Kufunga vidonda watakufundisha wengine. Mgonjwa akilia, usimkimbilie na maneno, maana mengi tunayowaambia wanaolia ni ya kujituliza sisi wenyewe. Vuta kiti, kaa. Najua kwa mdomo wako huo, kukaa kimya kutakutoa jasho.

Nimeweka kalamu chini nikazunguka chumba. Nilimkumbuka Mama siku Baba alipofariki. Alitoa sauti moja tu, na nyumba nzima tukamrukia: nyamaza, subiri, mwombee dua. Akanyamaza. Akakaa eda yake, akatoka, na mpaka napanda meli sikumsikia akimtaja Baba. Wewe umewahi kumsikia?

Jina la dawa sina. Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi yetu wa Mwera, mwambie wali wake wa nazi nauota. Mama usimpe salamu zangu kwanza. Mpokee ufagio, kaa naye mkekani, mwulize Baba alikuwa mtu wa namna gani kabla hatujazaliwa. Na akianza kulia, Mwanahawa, nakuomba, usimwambie kitu.

Ni mimi kaka yako,
Athumani