Sarafu ya Waviking Niliyoibusu

Thorncliffe Park, Toronto

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na watoto wa chuo chako cha Kurani bado wanakupigia kelele usipate nafasi ya kuzeeka. Mimi mzima. Baridi imenichubua midomo, lakini nakula vizuri. Habari hii sikutaka kuisema kwenye simu inayokatika-katika: nimefaulu, Baba. Tangu jana naitwa daktari, ingawa ukiumwa usinitegemee.

Nakumbuka kikao cha ukoo kilivyosema nilipoondoka. Baba mdogo aliuliza hao Waviking ninaokwenda kuwasoma, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, wametuachia nini sisi watu wa Pangani, hata kikombe hakuna. Huku wamejaa kila mahali: michezo ya watoto, matangazo ya meli za kitalii, kofia za plastiki zenye pembe. Hizo pembe zenyewe uongo mtupu. Waliowavisha ni mafundi wa maigizo, karne nyingi baada ya wenyewe kufa. Tasnifu yangu ilihusu hayo, namna watu wa leo tunavyojitengenezea Waviking tunaowataka. Hata kaka Salim alinitumia ujumbe kwamba walikuwa Waislamu, kwa kuwa kwao zimefukuliwa sarafu za Kiarabu. Nikamjibu asubiri.

Sasa sikiliza kisa. Mwaka jana nilipelekwa ghala la makumbusho kuzisoma sarafu hizo. Mtunzaji wake, mama mkali aitwaye Ingrid, akavuta droo ya chini kabisa, usawa wa miguu yetu. Humo mlikuwa na nusu ya sarafu iliyokatwa kwa patasi, na juu yake maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu: La ilaha. Mkono ulitangulia akili. Niliiokota bila glavu, nikaibusu, nikaiweka kwenye paji la uso, kama ulivyotufunza kuokota karatasi yenye Jina la Mungu na kuiweka juu. Ingrid alinitoa nje huku nikimweleza kwamba Jina hilo halikai usawa wa miguu, akanishtaki chuo kikuu. Msimamizi wangu akanionya kwamba jambo hilo linaweza kuniangusha, nirudi nyumbani mikono mitupu.

Na kweli, jana mbele ya jopo la watahini likawa swali la kwanza. Profesa mmoja akauliza, "Mtafiti anayebusu kielelezo, tumwamini vipi?"

Hasira ilinipanda, Baba. Ikanisaidia.

"Aliyelelewa kuibusu ni mimi," nikamwambia. "Aliyeikata hakulelewa hivyo. Patasi yake imepita katikati ya shahada. Kwake ilikuwa fedha ya kuweka kwenye mizani, basi. Sitasema alikuwa Mwislamu, hata kwetu wakitamani niseme."

Kisha nikawaonyesha picha ya upande wa pili, niliyomwomba Ingrid baadaye. Siku ile nilipoishusha sarafu kutoka kwenye paji, niliona mikwaruzo myembamba ambayo haikuwa imetajwa kwenye orodha yoyote ya makumbusho. Mtu alikuwa amechora nyundo ya mungu wao wa radi kwa ncha ya kisu.

"Huyu aliyechora hakujua kusoma Kiarabu," nikasema, "lakini nadhani alitambua kwamba maandishi haya si mapambo, akajibu kwa alama yake. Nisingeibusu, nisingeiona."

Wakapokezana ile picha. Mzee wao akavua miwani, akacheka, akasema, "Endelea, binti." Nikaendelea mpaka wakachoka wao. Waliponitoa nje, kisha wakaniita tena ndani na kunipa mkono, nililia kama mtoto, wala sioni haya.

Mama umwambie dua zake zimefika. Msalimie shangazi mpika vitumbua, na mke wa kaka Salim. Salim mwenyewe mpe jibu langu: hawakuwa Waislamu, atafute hoja nyingine. Baba mdogo mwambie kikombe kweli hakuna, ila asidharau tena.

Leo asubuhi nilikwenda ghalani kumshukuru Ingrid kwa ile picha. Nikainama kwenye ile droo ya chini, nikaikuta tupu. Akanionyesha kwa kidevu kabati la juu kabisa, hata mimi silifikii.

"Nimeipandisha," akasema. "Na usiiguse."

Mwanafunzi wako wa chuoni,
Mwanaidi