Kalavati Lililopotea Chini ya Lami

S.L.P. 214
14 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Binamu aliniandikia kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, nawe ukamjibu kuwa mtu aliyejenga barabara ya mlimani hatishwi na ngazi. Tulicheka, lakini tafadhali msikilize daktari. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila presha humpanda akisikia taarifa ya habari, kwa hiyo redio nimeihamishia chumbani kwangu. Bado hajanisamehe.

Bi Tope ametimiza miaka miwili. Unajua alivyopata jina hilo: mdogo wangu alijifungulia kwenye kiti cha nyuma cha teksi, pale bondeni chini ya zahanati, gari limezama na mkunga amepiga magoti kwenye matope. Mtoto amekua, ana sauti kama greda. Lakini mimi tangu siku ile nilikuwa na kesi na lile bonde.

Mwaka huu kesi imesikilizwa. Kampuni yetu ilipewa kukarabati kipande hicho cha barabara mliyoijenga, na nyapara ni mimi. Ndiyo, Mjomba, yule mpwa uliyekuwa ukimfukuza kwenye rundo la kokoto asijiponde vidole, leo ana filimbi shingoni na watu ishirini na wawili wanaomsikiliza, wengine kwa kununa.

Pale bondeni pameshawekwa lami mara tatu. Kila kiangazi lami mpya, kila masika mashimo yale yale. Msimamizi wa mradi alitaka tuweke ya nne, tena upesi, kwa kuwa siku ya ufunguzi ilikwisha kutangazwa. Mimi nikachukua sululu nikachimba shimo ukingoni. Nilitaka kuona tunafunika nini.

Nilikuta maisha yote ya barabara ile yamelala tabaka kwa tabaka. Juu, zile lami tatu za juzi, zilizokuja zikiwa moto kutoka mtamboni. Chini yake ile lami ya zamani ya mapipa, mliyokuwa mkiichemsha kwa kuni na kuimwaga kwa ndoo, kisha mnatandaza kokoto. Ikafuata kokoto ya nyundo, iliyovunjwa kwa mikono, imeshikana kama meno. Chini kabisa, mawe makubwa mliyoyasimamisha wima, kila moja limelibana jingine. Mawe yenu, Mjomba. Hakuna lililosogea hata kidogo. Ila yalikuwa yamekaa ndani ya maji.

Mhandisi wetu, msichana mpole aliyemaliza chuo mwaka jana, alichuchumaa akatia mkono shimoni. Akatueleza kwamba watu wa kale walipanga mawe kwa unene wa kutisha. Baadaye ikajulikana kuwa kokoto ndogo zinatosha, mradi udongo wa chini ubaki mkavu. Lami ilikuja mwisho, magari yalipoanza kutimua vumbi.

"Basi lami ni kofia," nikasema. "Na kofia haimkaushi mtu aliyesimama mtoni."

Wenzangu wakacheka. Msimamizi hakucheka.

Nilijua nyinyi msingeacha maji bila njia. Lazima palikuwa na kalavati. Tukaenda ofisini kutafuta ramani, tukakuta mchwa wametutangulia. Hapo nikamkumbuka Mama. Nikamleta na mkongojo wake. Akatazama kilima, akahesabu kitu kichwani, akasema, "Hapa. Nilikuwa nikikaa kwenye mdomo wake, namsubiri kaka amalize kula nirudishe vyombo."

Tukachimba ukingoni siku nzima, hola. Siku ya pili, hola. Dereva wa katapila akaanza mzaha: "Bibi, labda kalavati limehamia mjini."

Mama akamtazama. "Halijahama. Barabara ndiyo imenenepa. Wakati ule ilipita gari moja tu. Chimbeni kule ndani."

Kule ndani, Mjomba, maana yake kukata lami nzima, isiyo na ufa. Msimamizi akanivuta pembeni akaniambia, "Ukikata hapo usikute kitu, kesho usije kazini." Sikufichi, nusura niwaambie watu wafukie mashimo. Lakini nilimfikiria mkunga kwenye yale matope. Nikamwangalia Mama, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana wasiwasi hata chembe. Nikapuliza filimbi. Tukakata.

Hatua mbili tu, sululu ikalia juu ya jiwe. Kalavati lenu, tao zima la mawe, limesongwa na mizizi na kifusi kilichoachwa na waliopanua barabara. Tulipolizibua, maji yalitoka kwa kishindo, meusi, yananuka, yakamjaza msimamizi viatu vyote viwili. Watu walipiga kelele kama wamefunga goli. Mama akauliza tu kama sasa anaweza kurudishwa nyumbani.

Tukaanza upya. Tulirefusha kalavati, tukachimba mitaro pande zote mbili, tukaipa barabara mgongo ili maji yasikae juu yake. Changarawe, ikashindiliwa. Kokoto, ikashindiliwa. Lami ikawa ya mwisho. Ufunguzi ulisogezwa wiki tatu, nami nikapewa barua ya onyo. Nimeihifadhi pamoja na vyeti vyangu.

Kisha mvua ikanyesha siku kumi na moja mfululizo. Siku ya tisa nilivumilia nikashindwa, nikaenda kusimama bondeni na mwavuli. Lami ilikuwa imelowa juu tu, imara. Mkunga akapita na baiskeli yake. Hakusimama. Akapiga kengele, akaendelea kupanda.

Sasa sikiliza, Mjomba, maana hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Jumatatu ijayo tunaanza kipande cha kutoka hapo hadi darajani. Msimamizi, ambaye hajaniomba radhi wala sijamdai, ameniuliza kimyakimya, "Yapo mengine?" Mama anasema mlijenga kumi na saba, naye anajua hilo moja tu, kwa sababu ya vyombo. Wenzako wa kikosi kile wote wametangulia. Ramani iliyobaki ni wewe.

Usiniambie umesahau. Kaa na Binamu, yeye ashike kalamu. Anza darajani, tembea kichwani kurudi huku, polepole. Hatua zikikupotea, nitajie kona, mwamba, au mahali mlipogombana. Hata ukikosea sitajali. Nitachimba, nisipokuta nitachimba pembeni yake.

Msalimie sana Binamu, mumewe na wajukuu wote. Mama anakusalimu, na anasema chakula ulikuwa ukikila taratibu mno. Mdogo wangu na Bi Tope wanakubusu mikono. Mungu akupe nguvu ya goti na uzima wa kumbukumbu. Naisubiri barua yako, hata ikiwa na kalavati moja tu.

Mpwa wako akupendaye daima,
Nyapara