Rubisi ya Posa ya Anastazi

Alhamisi, 18 Juni 1992

Nina daftari. Nimepewa na nesi Mukashema, yule wa magonjwa ya akili anayekuja zahanati ya hapa Kimuli na pikipiki kila baada ya wiki mbili. Kasema: andika mzee, hakuna atakayesoma, hata mimi. Haya, naandika.

Leo nimemwambia mtu kwa mara ya kwanza. Miaka minne! Nimemwambia kwamba mimi Rwezaura, baba wa watoto watano, naosha miguu mara thelathini kabla ya kuingia kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Na nikishakanyaga najiona nimeacha kitu mle — mbolea, dawa ya mikahawa, sijui nini — na atakayekunywa hiyo pombe, rubisi yangu, atakufa. Basi namwaga. Yote, migombani. Ni tangu mzee Hategekimana anywe kibuyu kimoja kwangu, akafariki siku ya tatu.

Nilitegemea acheke. Au aniulize nani kaniroga. Wala! Kasema ni ugonjwa, una jina refu la Kizungu, na kwamba anayeogopa kuua watu hivi huwa ndiye asiyeweza kuua hata kuku. (Kweli. Kwangu kuku huchinjwa na mke wangu, Kokuhirwa.) Kuna mwalimu anamtibu, huyo hurudi mara ishirini kutazama kama amefunga mlango. Mwalimu mzima! Nimelia kidogo. Machozi ya kutua mzigo.

Ila tarehe 8 Agosti tunakwenda Mabira kumposea mwanangu Anastazi. Katika ukoo wetu rubisi ya posa ya kifungua mimba hukanyagwa na baba mwenyewe. Akikanyaga mwingine, maana yake baba hamtaki huyo mkwe. Wakwe wanalijua hilo, na watauliza. Wiki saba.

Jumapili, 21 Juni

Nimemwambia Kokuhirwa tulipotoka kanisani. Mke wangu kacheka mpaka kajishika kiuno. Kumbe miaka yote hii alidhani nimeokoka kwa siri!

Si yeye tu. Nilipomwaga pombe ya kwanza, mwaka 88, habari ziliwafikia walokole. Wakaja uani kwangu na mapambio, Theoneste mbele, kumpokea ndugu mpya aliyeacha ulevi. Ningesema nini? Kwamba naogopa miguu yangu? Nikaimba nao. Mpaka leo wanangoja ushuhuda wangu, na wakiniona kilabuni kwa Fidele wanasema nimerudi nyuma.

Halafu Kokuhirwa akaacha kucheka. Vibuyu je, akauliza, kwa nini ulikuwa unaviosha tena nikishaviosha? Nilidhani unaona kinyaa na mikono yangu.

Hilo limeniuma. Sikulijua kabisa.

Alhamisi, 2 Julai

Nesi kanieleza tiba. Hakuna kidonge leo. Wazo baya humjia kila mtu, kasema, hata padri. Wengine huliacha lipite, mimi nalikaribisha na kulitilia maji. Nikiosha napata nafuu kidogo, na ile nafuu ndiyo chakula cha hofu. Kesho inarudi kula. Basi dawa ni kuinyima: fanya unachokiogopa, usioshe, kaa nayo, andika inavyopanda na kushuka. Sifuri mpaka kumi. Taratibu, kuanzia kidogo.

Tukaanzia hapo hapo nyuma ya zahanati. Kaleta ndizi mbivu mbili, zimemenywa, juu ya jani. Mama huyu kavua kiatu, kakanyaga yake, kala! Yangu nikaikanyaga. Nikala. Akina mama wa kliniki walikuwa wanachungulia, na mmoja kasema wazee wa siku hizi wameharibika. Nilipoambiwa nimwachie Kokuhirwa, niliyekuja naye, kipande, hofu ikawa 8. Kala huku ananitazama usoni. Baada ya dakika arobaini ilikuwa 3. Hakuna aliyenawa. Imeshuka yenyewe!! Sikuwahi kujua kwamba hushuka yenyewe, maana sikuwahi kuingoja.

Tukiwa tunaagana nesi akauliza: na je, kuna mtu unayemwulizauliza? Nikainamisha kichwa. Nyirabageni, mjane wa Hategekimana. Kila Jumapili napita kwake: shikamoo mama, hivi mzee alikufa na nini vile? Naye: moyo, mwanangu, daktari alisema moyo. Napumua hadi Jumatatu. Nesi kapiga hesabu, kama mara mia mbili. Kasema hiyo nayo ni kuosha, ila unaosha kwa mdomo. Marufuku.

Jumapili, 5 Julai

Nimepita kwa Nyirabageni, sikuuliza. 9! Nimesifia maharage yake. Nimesifia paa. Nimesifia mbuzi mwenye jicho moja. Kanisindikiza mpaka njiani akiniangalia kama mgonjwa.

Jumapili, 12 Julai

Nimeanguka. Nimejifanya mjanja: mama, yule daktari wa mzee bado yupo? Kajibu bila hata kuinua kichwa: alikufa kwa moyo, Rwezaura. Nafuu tamu kama asali, ikaisha kabla sijafika kwangu. Halafu aibu.

Alhamisi, 16 Julai

Nesi hakunigombeza. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka, kasema, hatumkati miguu. Ila nikamwambie mama wa watu ukweli, ili ajue kutonijibu.

Jumapili, 19 Julai

Nimemwambia. Mkekani, uwanjani kwake, anapepeta mtama. Nilimwambia yote: miguu, kumwaga, na kwamba miaka minne nilikuwa namwuliza ili nijue kama mimi ndiye niliyemuua mume wake. Nikangoja anifukuze.

Ungo ukatulia. Kasema: kumbe. Mimi nilidhani unakuja kwa kumkumbuka. Wengine wote wameacha kumtaja, hata wanangu, nikawa namshukuru Mungu kwamba yuko mtu mmoja kila Jumapili analeta jina la Hategekimana hapa kwangu.

Nilikosa pa kuweka macho. Nikasema nisamehe mama. Kasema kufa kwake sitakuambia tena, lakini Jumapili uje, uniulize alivyoishi. Basi leo nimeuliza. Alikuwa mwongo wa kutupwa katika habari za ng'ombe! Alimposa mama huyu kwa kumwambia baba mkwe ana ishirini, kumbe ana ndama mmoja, tena wa shangazi. Tumecheka mpaka jirani Laurensia kaja kuuliza kuna nini.

Nimefika nyumbani nikakumbuka sikuandika namba. Sijui ilikuwa ngapi.

Jumanne, 28 Julai

Nimekanyaga! Kidogo tu, mikungu miwili, juisi ya nyumbani. Nimeosha miguu mara moja kama mtu. Mara moja! Ile ya pili niliitamani kama mlevi anavyotamani kibuyu. Kokuhirwa kaficha ndoo.

Wamekunywa wote. 8. Nilimkodolea macho mke wangu mpaka kasema unaniangalia kama ng'ombe mnadani, nifungue na mdomo uone meno? Alipojinyoosha mchana nilitaka kumwamsha nijue kama yuko hai. Sikumwamsha. Nimeenda kupalilia. Saa kumi kaja mwenyewe kunipigia kelele kwamba nimekata mche wa mkahawa. Sijapata kufurahia kugombezwa hivyo.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo ndiyo leo. Mikungu kumi na sita, imeivia shimoni siku tano. Nimeosha mara moja, nimevaa kaptula, nimeingia.

Nilisahau ilivyo raha! Ndizi zinavyoteleza kwanza, kisha nyasi tulizochanganya zinazishika, kisha juisi inakuja juu ya vidole. Anastazi alisimama pembeni akijifanya ananoa panga. Hajaniona humo tangu sauti yake haijawa nzito. Akaanza ule wimbo wa kukanyagia wa babu yake, nami nikaitikia.

Theoneste kapita njiani na Biblia yake. Ndugu Rwezaura! Umerudi nyuma! Nikamjibu nimerudi kabisa, ndugu yangu, na huku nyuma kuzuri. Kaenda akitikisa kichwa. Ipo siku nitamweleza, kwa kuwa yeye ni mtu mwema na ni mimi niliyemdanganya.

Mtama uliokaangwa umeshatiwa, majani ya migomba yamefunika. Hofu 7. Imekaa 7 tangu saa nane. Na ikae.

Ijumaa, 7 Agosti

Asubuhi nimejikuta nimeshika ukingo wa mtumbwi, tayari kuuinamisha. Sikumbuki hata nilivyotoka kitandani. Anastazi kanikuta. Hakunishika. Kasema tu: baba, hata ukimwaga mimi nitaelewa, tutawaambia ulikuwa unaumwa.

Hapo ndipo nilipoachia. Heri angenitukana.

Jumamosi, 8 Agosti. Mabira, kwa wakwe

Naandika kwenye goti, nyuma ya jiko lao, nimesema naenda kujisaidia. Daftari ninalo kotini.

Mambo yamekwenda vizuri mpaka sasa. Mshenga wetu kasema maneno matamu. Wameuliza, kama nilivyojua: nani kakanyaga? Nikasimama, nikasema ni miguu hii. Wakapiga makofi, na mimi nikaonja kwanza kama inavyopasa mleta pombe, kisha kibuyu kikaenda kwa babu wa binti, mzee Rwegoshora. Miaka yake themanini na zaidi. Kanywa. Kanywa sana! Kasema rubisi kama hii hajainywa tangu Uhuru. Nilikaribia kuruka.

Kisha kaegemea kiti chake pale mlangoni, kafumba macho, kichwa kikaanguka kifuani. Hajasogea tangu hapo. Nzi katembea juu ya mkono wake, mkono haukutikisika. Wengine wanaendelea kuongea kama hawaoni. Labda ndivyo analala siku zote. Labda.

10. Hii ni 10.

Shangazi wa binti kapita hapa na kuni, kanisalimia. Ningemwuliza tu: huyu mzee hulala hivi? Nimemwuliza kama kwao mvua ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri.

Bado 10. Labda 9.

Mshenga anaita. Baba Anastazi yuko wapi, binti anatoka sasa, baba aje amwone! Kokuhirwa kasimama uani ananitafuta kwa macho. Kuingia ndani ni lazima nipite pale mlangoni, mbele ya kiti cha mzee, karibu kabisa. Ningeinama kidogo tu, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, ningesikia kama anapumua.

Kamba zangu zimefungwa vizuri. Naenda, wima —