Komeo la Nje

3 Februari

Kaka,
Shikamoo. Habari za chuo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Najua mama amekudokeza: mwezi wa saba huu sijashuka ngazi. Wateja wananiletea vitambaa huku juu, na jirani anasema nimekuwa bibi harusi, sitoki ndani. Nacheka naye. Lakini nikikanyaga ngazi tu kifua kinabana, naona mlango wa chini utafungwa nikiwa katikati. Wewe unasomea mambo ya akili. Nitoe humu.
Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,
Marahaba. Pole sana. Hapa tuna walimu wawili wasioiva chungu kimoja. Mmoja anasema hofu ni mazoea: mwili umejifunza kuogopa, basi ufundishwe upya, hatua kwa hatua. Mwenzake anasema hofu ina mzizi uliozikwa utotoni, na mtu hatapona mpaka aongee na kuufukua. Mimi niko na wa kwanza. Leo simama mlangoni mpaka moyo utulie. Kesho ngazi moja, keshokutwa mbili. Ya utotoni achana nayo, yaliyopita si ndwele.
Kaka yako

20 Machi

Kaka,
Shikamoo. Nimefika ngazi ya kumi na mbili! Ya kumi na tatu ndiyo imenigomea, wiki nzima sasa.
Juzi nilikuwa nampima gauni mteja mmoja, muuguzi mstaafu. Akaniuliza, "Mara ya kwanza kubanwa hivyo ulikuwa wapi?" Nikajisikia nasema, "Stoo." Nilikuwa na miaka mitano. Mama husema mlango ulijifunga. Lakini komeo lilikuwa nje, kaka, na nilisikia miguu ikikimbia. Komeo hujifunga lenyewe?
Mdogo wako

28 Aprili

Kaka,
Mzima wewe? Barua yangu ilifika?
Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,
Mzima, ila sina amani. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mama kaniachia nikuangalie, wenzangu wakaniita mpirani. Nikakufungia stoo, nikasema nusu saa tu. Nikakusahau mpaka jioni. Nilikukuta umenyamaza, kucha zinatoka damu. Mama nikamdanganya.
Nilikuchagulia mwalimu wa kwanza kwa sababu njia ya wa pili ingekufikisha kwangu. Nisamehe. Nije nikuone?
Kaka yako

2 Juni

Kaka,
Safari hii sikuamkii. Barua yako niliisomea jikoni nimesimama. Nililia, kisha nikashona kwa hasira hadi nikavunja sindano mbili.
Nilidhani nikishajua nitashuka mbio. Wapi! Kesho yake nilikwama palepale, ya kumi na tatu. Ikabidi nirudie mazoezi yako, ngazi moja moja, ila sasa nikitetemeka najua natetemekea nini. Jana nilifika chini. Nikaushika mlango, nikaufungua na kuufunga mara tatu kwa mkono wangu. Kutoka bado.
Usije sasa. Mama mpaka leo anajilaumu kwamba hakuurekebisha mlango ule. Mwandikie yeye kwanza.
Mdogo wako