Nati Katika Pindo la Gauni la Mama

Chumba cha nyuma ya gereji,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Wifi,

Salamu zangu zikukute umekaa, na kama umesimama, nakuomba ukae kwanza. Lile goti lako limepoa? Na shemeji, bado anakohoa asubuhi? Sisi huku tunapumua. Kaka yako mzima, yuko chini ya magari yake kama kawaida. Kibonge wangu ana meno manne na anamng'ata kila anayembeba. Mama anatembea.

Kwenye barua yako ya mwisho uliuliza uzito wake, nikakujibu kilo hamsini na mbili. Mwezi wa nyuma yake pia nilikujibu hamsini na mbili, na ule mwingine kabla yake. Wifi, nimekudanganya mara tatu. Barua hii nimeshaichana mara nne. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa pindo la gauni tu.

Nianzie palipouma. Mama akiacha uji, Kibonge anaumalizia. Sikuona ubaya, chakula hakimwagwi. Siku moja shangazi yenu akaja, akamtazama mtoto, akamtazama Mama, akasema mbele ya majirani: "Mjukuu anajaa, bibi anapungua. Sufuria ya nyumba hii ina mlango wa nyuma!" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia na mwiko mkononi. Wiki hiyohiyo ikaja barua yako, kwamba ulimwacha na kilo hamsini na nane, na kwamba mtu hakondi penye chakula. Nilikuwa nampikia, Wifi. Lakini nani angeniamini, na mtoto wangu ana mashavu yale?

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, na kadi ya mwezi uliotangulia ilisema hamsini na mbili; sikutaka ishuke tena. Nikachukua nati nne za magurudumu ya lori kwenye kopo la kaka yako, nikafumua pindo la gauni la bluu la Mama, nikazishonea humo, kila moja nimeifunga kitambaa zisigongane. Mwezi uliofuata zikawa tisa. Mwezi wa tatu wa uongo wangu, kumi na sita. Kaka yako akawa anazitafuta, anasema gereji imeingiliwa na majini.

Daktari akitazama kadi anasema uzito umesimama, endeleeni hivyohivyo. Nami narudi nyumbani na furaha kama niliyefaulu mtihani. Hapo ndipo panaponichoma. Mama alikuwa anayeyuka na mimi nimemziba daktari macho.

Wiki tatu zilizopita tulirudi kliniki na nati zilezile kumi na sita pindoni, tukakaa kwenye benchi, foleni ndefu. Mama, ambaye nyumbani hakai hata kwa vijiko vitatu vya uji, alitulia tuli. Nikampa ndizi, akaila yote. Nikampa ya pili, akaila. Nikasema moyoni, leo Mungu kashuka. Kumbe vidole vyake viko kwenye pindo. Unajua miaka aliyokaa nyuma ya cherehani. Jina langu limemtoka, lakini mkono haujasahau kitu.

"Nani kashona hapa?" akauliza kwa ile sauti yake ya dukani. "Mshono kama njia ya panya!"

Akakata uzi kwa meno. Nati ya kwanza ikaanguka sakafuni, kila mtu akasikia. Zilizofuata akazipanga kwenye benchi, moja moja. "Na huyu mteja kasahau vifungo vyake."

Foleni nzima ikageuka. Nesi wa mizani, yuleyule anayempima Kibonge, akaja akazihesabu zote kumi na sita, akanitazama. "Mama Kibonge, hilo lori mnaliendeshaje bila nati?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Akazipima: karibu kilo tatu. Mama peke yake, arobaini na tisa.

Daktari hakunigombeza, na hilo lilinitesa zaidi. Aliniambia huu ugonjwa wake wa kusahau, Alzaima, hukondesha wengi, hata wanaopikiwa vizuri. Mtu anasahau njaa, harufu ya chakula haimwiti tena. Na huyu wetu anatembea kutwa, mlangoni, jikoni, dirishani, anatafuta mkasi wake. Nguvu anayotumia inazidi anachokula. Akaniuliza kwa siku anatembea kiasi gani. Miezi mitatu nilihesabu nati, sikuhesabu hatua zake. Alichosema mwisho hakinitoki: "Ungeniletea uzito wa kweli mwezi wa kwanza, tungeanza mwezi wa kwanza."

Sasa simwiti mezani. Namfuata na chakula cha kushika mkononi: yai la kuchemsha, mkate wa siagi ya karanga, ndizi. Uji wake natia maziwa na kijiko cha mafuta. Na kila asubuhi nashona kitambaa vibaya makusudi, nampa. Anakaa, anafumua, anautukana ufundi wangu, na katikati ya matusi anafungua mdomo, namlisha. Juzi kaniita mwanafunzi. Si jina langu, ila nimeliitikia.

Kaka yako nimemwambia. Alizirudisha nati kwenye kopo, kisha akasema: "Dada utamwandikia wewe, kwa mkono huohuo ulioshona."

Ijumaa tulipima tena. Nesi alilipapasa pindo kwanza, watu wakaangua kicheko, nikainamisha kichwa. Arobaini na tisa na robo. Nesi kasema nisishangilie mapema, robo inaweza kuwa maji tu aliyokunywa. Sawa. Lakini ni robo yake mwenyewe.

Wifi, ukitaka kuja kumchukua, mlango sitaufunga. Alikuwa mama yako kabla ya kuwa wangu. Nakuomba tu, kabla hujaamua, uje umpandishe mizani wewe, ujionee. Mimi bado nina tumaini naye.

Gauni la bluu nilimpa alipinde upya. Amepinda nusu, mshono umenyooka kama mstari wa daftari, kisha akasahau akainuka kutembea. Nusu iliyobaki nimeiacha wazi, kila mtu aone hamna kitu ndani.

Msalimie shemeji na wanao wawili. Kibonge anakusalimu kwa meno yote manne. Shangazi yenu naye hajambo, nimeshamweleza yote na safari hii hakucheka. Mungu akutunzie goti lako na safari zako, na akupe moyo mpana kuliko kosa langu.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,

Mke wa kaka yako.