Kilemba Kinachomngoja Mjomba Mbaruku

Studio ya Picha Mhina,
S.L.P. 64,
Korogwe.
30 Julai 1976.

Mpendwa Mjomba Mbaruku,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza ni yangu na ya pili ni ya mdogo wangu Swaumu, ambaye anasema hatakuandikia mwenyewe mpaka umjibu barua yake. Habari za Kigoma? Habari za mgongo? Mara ya mwisho ulisema ukiinama kupiga randa unashindwa kuinuka, basi nataraji sasa unainuka. Mkaza mjomba hajambo? Watoto wanaendelea vizuri na shule? Sisi huku afya tunayo, sukari hatuna, na sabuni tunaisikia redioni. Mama kifua kimempoa. Mimi mwili ni mzima ila moyo umenijaa, na utaniwia radhi kama kalamu itakuwa kali mahali fulani. Nitajitahidi kukumbuka kwamba ninayemwandikia ni mjomba wangu.

Neno kubwa ni lile lile. Swaumu ameposwa na Kasmiri tangu mwaka jana. Mahari imekwisha kupokelewa, baba mdogo yuko tayari kusimama kama walii mahali pa marehemu baba, na sheikh amesema kwa upande wa dini hakuna kizuizi. Unayekosekana ni wewe. Kilemba chako kimenunuliwa, kimekunjwa na kuwekwa sandukuni kwa Mama, na wazee wa ukoo wamekataa katakata binti wa Kizigua atoke nyumbani kabla mjomba wake hajavishwa kilemba na baba wa bwana harusi. Nitalirudia jambo hili. Kwanza nikujibu habari za kazi, kwa kuwa uliniuliza.

Kazi ipo, filamu hazipo. Nikienda Tanga kuzitafuta narudi na ahadi. Safari hii nimebahatika kupata chache ambazo muda wake umepita, picha zinatoka na weusi pembeni, na watu wakiniuliza nasema ni pambo. Sipendi kusema hivyo, lakini nifanyeje?

Nilipanda Dindira kupiga harusi ya Dominiko na Serafina, wachuma chai. Niliwasimamisha mlangoni pa kanisa, nikapanga wasimamizi, nikalenga, mara ukungu ukashuka mlimani ukatufunika sote. Nikabonyeza mara mbili tatu humo humo ukunguni, kisha nikasema tungoje. Bibi harusi akawa anatetemeka ndani ya gauni la kuazima, na bwana harusi akaona heri akangojee kwenye pombe ya miwa. Ukungu ulipoondoka hakuwepo mwanamume hata mmoja wa kusimama wima. Nilipozisafisha picha katika chumba cha giza niliona meno na shada la maua, basi. Nimewaambia nitarudi kuwapiga tena bila malipo, na sijui hiyo filamu nitaitoa wapi.

Kabuku nako kuna mwenyekiti wa kijiji. Kila nilipolenga alikuwemo: maharusi wakikata mkate yumo, wazee wakiomba dua yumo, akina mama wakicheza ngoma yumo katikati amenyanyua mkono kama anahutubia. Nikamwomba kwa adabu asogee kidogo. Akaniuliza, "Kijana, kibali cha ngoma hii nani kakitoa?" Nikampiga picha.

Lakini kilichoniumiza Kabuku hakikuwa mwenyekiti. Mjomba wa bibi harusi alitoka Moshi kwa basi na mguu umefungwa bandeji, akashushwa akishikwa huku na huku. Akakalishwa mkekani, akavishwa kilemba, akalia, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nilibonyeza, kisha nikaudhika hata pilau sikuigusa. Mguu mbovu, Mjomba, na kutoka Moshi.

Kutoka hapo nilipanda lori la mahindi hadi Handeni, halafu nikatembea mpaka kwa akina Ledama, Mmasai ambaye hupenda kuja hapa studio kupigwa picha na mkuki wake. Alikuwa anaoa, akataka mchumba wake Nashipai apigwe picha akitoka kwa baba yake. Alitoka bomani shanga zimemjaa mpaka masikioni, majani mabichi yametiwa viatuni, baba yake amekwisha kumbariki kwa maziwa. Akanipita kabla sijawa tayari. Nikafanya kama nifanyavyo siku zote kwa maharusi wa kwetu, nikapaaza sauti, "Bibi harusi, geuka huku! Tazama nyuma kidogo!"

Ungedhani nimeua mtu. Akina mama walipiga kelele kwa Kimasai, na Mzee Moringe, baba wa binti, akanijia na fimbo. "Wewe! Unataka mtoto wangu awe jiwe?" Kumbe kwao binti akiondoka kwa baba yake haruhusiwi kutazama nyuma, hata aitwe na nani. Mimi ningejuaje? Nashipai alisimama kidogo, shingo ikakaza, kisha akaendelea mbele vile vile, nami nikabonyeza huku mkono mmoja nimeuinua kuomba radhi. Kwa hiyo nina picha ya mgongo. Vumbi lote lile, lori lile, miguu ile, mgongo! Nilipompelekea Ledama nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Aliitazama sana, akasema, "Hii nzuri. Umemwita, hajageuka." Akaagiza nakala nyingine ya kumpa mkwewe.

Najua utaisoma habari hiyo na kutikisa kichwa, useme hata Wamasai wanajua kwamba aliyeondoka ameondoka. Usianze, Mjomba. Nashipai ni bibi harusi. Wewe ni mjomba, na kazi ya mjomba ni kuitwa akaja.

Sasa nasema waziwazi. Kinachokuweka Kigoma si mgongo wala nauli. Ni kwa kuwa Kasmiri ni mtoto wa Mzee Mdoe. Siku ile ya kuhamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, Mdoe ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na ndiye aliyepanda juu ya nyumba yako akaezua mabati, nyumba uliyoijenga kwa mikono yako na milango ukaichonga mwenyewe. Nilikuwepo. Nilikuona umesimama uani, kisha ukachukua sanduku lako la vifaa ukaenda stesheni. Sisemi hukuonewa. Ningekuwa wewe nami ningelia kwa hasira. Lakini asubuhi ile ile Mdoe alikuwa ameanza kwa kuezua nyumba ya baba yake mzazi, na ulipokwisha kuondoka aliyabeba mabati yako kichwani, akaenda na kurudi kutwa nzima, akamwezekea Mama kule kwenye kijiji kipya. Mvua ikinyesha ni mabati yako yanayotukinga. Nimekuandikia hili mara ngapi? Unanijibu habari za samaki, migebuka ya ziwani.

Mwezi uliopita ndipo ulipolijibu, kwa sentensi moja katikati ya barua: mtu aliyeniezulia nyumba hawezi kunivisha kilemba. Zamani barua zako nilikuwa namsomea Mama mimi. Safari hii hakuningoja. Amehitimu kisomo cha watu wazima, na mwalimu wake ni Kasmiri huyo huyo, basi alikaa nayo mlangoni, kidole juu ya kila neno, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Ingekuwa mimi ndiye msomaji ningechomeka maneno mengine pale katikati, walau salamu. Hakulia. Aliikunja, akachukua jembe akaenda kupalilia mihogo.

Swaumu naye wapo waliomshauri atoroke na Kasmiri, wakaandikishe ndoa serikalini, bomani Korogwe, yaishe. Anawajibu, "Sitoroki kama mtu asiye na mjomba." Hivyo ndivyo anavyosema juu yako, wewe ambaye hata barua yake hukuijibu. Wenzake wote wana watoto mgongoni. Yeye yumo ndani anangoja, na mimi kaka yake nazunguka wilaya mbili kupiga picha maharusi wa watu, nikiwaambia wacheke. Inaniudhi mpaka nasahau kurekebisha lenzi, picha inaharibika, nikaudhika zaidi.

Jumapili iliyopita wazee walikutana kwa Mama. Walizungumza kwa kawaida yao: tungoje baada ya Ramadhani, hapana, tungoje vuli, hapana, tungoje mpaka Mbaruku alainike. Mzee Mdoe alikaa karibu na mlango, kofia mkononi. Mama akatoka chumbani na kile kilemba, akakiweka katikati ya mkeka. Akasema, "Kaka yangu ana kichwa, lakini kiko Kigoma. Changu kiko hapa. Siku ya harusi mtanivisha mimi."

Baba mdogo akadhani ni mzaha, akacheka peke yake. Mzee mmoja akasema mwanamke havishwi kilemba cha mjomba, jambo hilo halijapata kuonekana. Mama akamjibu, "Basi safari hii mtaliona." Walibishana mpaka chai ikapoa, mwishowe wakakubali. Mzee Mdoe ndiye hakufurahi hata kidogo. Alinifuata nje akaniambia, "Mwandikie mjomba wako. Mwambie kama ananichukia mimi, nitakaa nyumbani siku hiyo, kilemba avishwe na mtu mwingine." Mtu asiwepo kwenye harusi ya mwanawe wa kwanza, Mjomba!

Harusi ni Ijumaa, tarehe 20 Agosti. Haiahirishwi tena. Barua hii ikikufikia wiki ijayo, treni unayo na siku unazo.

Nakwambia na mimi nitakachofanya, ili usije ukasema sikukuonya. Ninayo filamu moja mpya kabisa niliyoificha, hata mwenyekiti wa Kabuku haipati. Usipokuja, nitampiga picha Mama amekaa mahali pako mkekani na kilemba chako kichwani. Nitaikuza kubwa na kuitundika dirishani hapa studio, njia ya stesheni, kila anayeshuka kwenye treni aione. Wakiniuliza yule mama kavaa nini, nitawaeleza. Wakiniuliza mjomba mwenyewe nani, nitamtaja kwa jina na jina la baba yake. Unanijua.

Lakini sitaki kuipiga picha hiyo. Nimepiga picha za wajomba wa watu mpaka nimechoka. Namtaka wangu.

Nisalimie mkaza mjomba, Bi Fatu, na umwambie kanga aliyoniagiza sijaipata ila sijaacha kuitafuta. Nisalimie Sadala na mdogo wake, na mafundi wenzako wote. Baba mdogo anakusalimu. Swaumu anakusalimu, ingawa amenuna. Mzee Mdoe anakusalimu. Alisema nisiiandike salamu yake, nami nimeiandika. Mwenyezi Mungu akuondolee maumivu ya mgongo na yale mengine pia, akulinde njiani, na akufikishe kwetu mchana kweupe, watu wakuone ukishuka.

Mpwa wako anayekupenda na hasira zake zote,

Mhina.

Mama amekuja mjini leo kununua uzi, naye amekaa hapa studio kwenye kiti cha wateja. Ameisoma barua yote kwa muda mrefu, akasema nimekosa adabu mahali pengi, na kwamba nisifute kitu. Sasa ameniomba kalamu. Hapa chini ni mkono wake mwenyewe, sikumsaidia.

KAKA MBARUKU. NI MIMI HAJIRA. NIMEJARIBU KILEMBA CHUMBANI PEKE YANGU. KINANISHUKA MACHONI. NJOO.