Babu Mpya wa Kazungu

Kwa Mama Kazungu, Tezo.

Shikamoo mama. Ni mimi mkaza mwanao Sidi nakuamkia kutoka huku kisiwani, na mjukuu wako Charo anakuamkia pia. Hilo doa la wino hapo pembeni ni kidole chake, alitaka na yeye aandike. Goti lako linaendeleaje? Mvua imeifikia mihogo au imepita juu juu kama mwaka jana? Na yule mbuzi mweupe, ameshazaa au bado anatudanganya na tumbo lile? Sisi afya tunayo. Mtoto anakula vizuri. Mimi nimepungua, lakini si ugonjwa mama, ni mashuka ya hoteli. Nikiyamaliza ya leo, ya kesho yanakuwa yameshachafuka.

Barua hii anakuletea Amina, msichana wa Mtwapa niliyekuwa nikifua naye. Mkataba wake umekwisha anarudi kwao, nimemwomba akufikishie mkononi. Mpe wifi yangu Kadzo akusomee, mkiwa ndani, wawili tu. Karisa asiione kwanza. Yeye ni shemeji yangu na ninampenda, lakini simu ya nyumbani anaishika yeye, na yeye na kaka yake Kazungu lao moja. Ndiyo maana sikukupigia.

Sasa keti, mama.

Jumapili ulipozungumza na Kazungu mimi nilikuwa jikoni na nilikusikia. Alikuambia kuna wageni watakuja kukupiga picha za televisheni, nawe ukacheka, ukauliza uvae leso gani, ile ya njano au ile ya harusi ya Kadzo. Ukasema umeshawaambia majirani. Nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu nisijijue. Maana najua wageni hao wanafuata nini, na wewe hujaambiwa.

Nianze na timu yenyewe. Timu ya taifa ya huku ni kichekesho ambacho watu wanakipenda kama mtoto wa mwisho. Nchi ni ndogo, ukitoka asubuhi na basi unaizunguka yote na kurudi kupika chakula cha mchana. Hawajawahi kufuzu kwenda mashindano makubwa, hata mara moja. Wakifungwa mabao mawili wanasema vijana wamejitahidi. Wakitoka sare ni honi barabara nzima, na kesho yake kazini hakuna anayewahi. Mwenye nyumba wetu, Bi Odila, ni mjane mwenye mdomo kweli kweli, na mechi zote anazo kichwani. Lugha yao nimeshaishika kidogo, ya kubabaisha, tunaelewana. Ataniambia huku anamenya ndizi, "Mwaka ule tulifungwa saba. Lakini la saba lilikuwa la kuotea, refa alikuwa kipofu." Nikimcheka anasema, "Cheka tu. Nchi nyingine zinaazima watu. Sisi tunafungwa wanetu wenyewe wakiwa uwanjani, hatuazimi mtu." Huyo ndiye aliyenipokea nilipofika na mtoto mgongoni. Nikiwa zamu ndiye aliyekuwa akinishikia Charo. Nilimwona kama mama.

Kazungu alianza kama mchezo tu. Hoteli anakofanya kazi ya bustani ina timu, kipa wao akaumia, wakamweka yeye. Unaijua mikono yake. Ile ile iliyokuwa ikidaka nazi Karisa akiziangusha kutoka juu, na wewe ukipiga kelele kuwa atavunjika vidole. Kocha wa taifa akamwona. Baada ya muda akaniambia anaitwa kambini. Nikamuuliza, "Inawezekanaje, na sisi si wa huku?" Akasema, "Kuna utaratibu." Nikaamini. Nilikuwa na mtoto mwenye homa siku hiyo, mama, sikuwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Basi ikafika mechi ya mwisho ya kufuzu. Walihitaji sare tu. Bi Odila alitoa televisheni uani, akaiweka juu ya kreti, mtaa wote ukajaa. Mpaka dakika za mwisho hakuna bao. Ikatoka penalti, ya wale wengine. Bi Odila akageuka akaangalia ukuta, akasema, "Niambieni ikiisha." Mimi niliangalia. Nilimwona Kazungu ameinama, anajipiga mapajani kama afanyavyo kule kiwanja cha shule Tezo, kisha akaruka kushoto, akaupangua. Mama, nilipiga vigelegele vya Kigiriama mpaka sauti ikanikauka. Wanawake nisiowajua walinibeba juu. Watu wazima walilia kama watoto. Nilisema moyoni, huyu ni mume wangu.

Kisha mtangazaji akamwekea kipaza sauti. Akamuuliza, "Umetoka mbali kuja kutuokoa?"

Akacheka yule mwanao. Akasema, "Sikutoka mbali. Nimerudi nyumbani. Babu yangu alikuwa baharia wa hapa. Meli yake ilitia nanga Malindi, akakutana na bibi yangu, ndipo baba yangu akazaliwa." Akafuta machozi kwa glavu.

Babu gani huyo, mama? Babu Kazungu wetu, ambaye wewe mwenyewe uliniambia aliogopa hata kivuko cha Kilifi kabla ya daraja, kwamba alikuwa akivuka amefumba macho na kushika mkia wa mbuzi? Huyo ndiye leo baharia? Uani watu wote walinigeukia. Bi Odila akanikumbatia, "Kumbe ni mke wa mtoto wetu! Mbona ulinificha siku zote hizi?" Nilitabasamu. Sikujua uso ufanye nini.

Aliporudi kesho yake, shingoni ana mashada ya maua, nilimngoja mtoto alale.

Nikamuuliza, "Umempata wapi huyo babu?"

"Sidi, nimechoka."

"Hata mimi nimechoka, nimefua tangu alfajiri. Umempata wapi?"

Akaniambia. Wakubwa wa timu walimweleza kwamba sheria za mpira haziruhusu mgeni, ila ukiwa na babu au bibi wa hapa unaruhusiwa. Akawaambia hana. Wakamwambia wao watampatia. Kuna mzee aliondoka zamani na meli hakurudi, hakuacha mke wala mtoto, hakuna wa kuja kumdai. Jina lake ni Felisi. Wakasema, huyo atafaa.

"Atafaa," nikasema. "Kama kofia."

"Babu amekufa, Sidi. Hayamuumi."

"Na bibi? Si umemfanya mwanamke wa bandarini mbele ya nchi nzima?"

"Bibi naye amekufa."

"Mama yako hajafa."

Akavua maua akayaweka mezani. Kisha akasema kwa sauti ile anayoitumia akitaka jambo, "Mama ataelewa. Mama ananielewa tangu zamani. Mfikirie mtoto. Charo atakuwa raia, atasoma bure, atatibiwa bure. Unataka arudi akachote maji Tezo?"

Sitakuficha mama, neno hilo lilinikaa. Usiku mtoto akikohoa huwa nafikiria zahanati yetu na ile ya huku. Nilijaribu kumeza. Nilijiambia, ni mpira tu. Lakini nikikumbuka kwamba hata jina analoimbiwa uwanjani, Kazungu, ni la mzee yule yule anayemkana, koo linakataa. Wewe na marehemu baba mlimpa mwanenu jina la babu yake, kama inavyotakiwa, ili mzee asipotee. Sasa aliyepewa ndiye anayempoteza.

Halafu akaja bwana mmoja wa timu, mwenye tai, na jezi ndogo ya mtoto. Mgongoni imeandikwa Felisi. Akanieleza kwa upole kwamba mtoto ataandikishwa kwa jina hilo, itapendeza familia nzima iwe na jina moja mashindano yakianza, na nisimame naye mbele ya kamera. Nikamwambia, "Bwana, huyu alipozaliwa alilia siku nzima hataki titi. Bibi yake akamwita majina ya ukoo, moja baada ya jingine. Alipotaja Charo akanyamaza, akanyonya. Sasa nikimwita Felisi, nani ataitika?"

Akacheka. "Hayo ni mambo ya kwenu."

"Ndiyo," nikasema. "Ni ya kwetu." Nikamrudishia jezi yake. Kazungu alikuwa amekaa pale pale. Hakuniangalia. Aliniambia kwa Kigiriama, taratibu, "Usiniaibishe mbele ya watu." Mimi ndiye ninayemwaibisha.

Nilikwenda kwa Bi Odila. Nilidhani nikimwambia yeye, aliyejivuna kwamba hawaazimi mtu, atanielewa. Nilimweleza yote, hata la mkia wa mbuzi. Alisikiliza mikono ikiwa kwenye unga. Kisha akasema, "Sikusikia."

"Bi Odila, ni uongo. Hana babu hapa."

"Binti yangu, nimefungwa maisha yangu yote. Niache nishinde mara moja. Mashindano yakiisha uje uniambie tena."

Tangu siku hiyo hanishikii mtoto. Hakunifukuza, ananisalimu, lakini mlango wa uani anaufunga. Charo nakwenda naye kazini, analala kwenye kapu la mashuka, na akiamka namfungia mgongoni naendelea kupiga pasi. Mume amewakana wazee wetu kwa mdomo, na rafiki amenikana kwa kutosikia. Sijui lipi linauma zaidi.

Sasa wageni wako. Wanakuja Tezo kukupiga picha ukisema kwamba mumeo, marehemu baba, alikuwa mtoto wa baharia. Kazungu atakupigia simu kabla hawajafika, akufundishe maneno. Atasema ni kidogo tu, ni kwa ajili ya mtoto. Na kuna jingine. Nimemsikia akimwagiza Karisa aing'oe koma ya babu pale nyuma ya nyumba kubwa, kile kigingi tunachokimwagia unga na maji, ili wageni wasije wakauliza ni cha nani. Mama, babu ang'olewe uwanjani kwake mwenyewe ili mtu wa meli apate nafasi! Hilo naomba ulizuie leo, hata kabla Kadzo hajamaliza kusoma. Mwambie Karisa umesema wewe, usinitaje.

La kamera siwezi kukuamuru. Kazungu wewe ndiye uliyemzaa, mimi nimeletwa tu. Najua ukikataa, hatacheza kwenye mashindano hayo, na hatakusamehe upesi. Najua paa linavuja na ni yeye aliyeahidi mabati. Ukisema alivyokufundisha, bado nitakuamkia na nitakuheshimu, na Charo nitamleta akuone. Lakini hatutakaa hapo. Sitamlea mtoto katika boma ambalo babu zake wamekanwa ili apate kitanda cha hospitali. Nitashukia kwa mama yangu Kuruwitu. Ukikataa, nitashuka Tezo moja kwa moja, na wewe na mimi tutavumilia hasira zake pamoja. Kazini nimeshatoa taarifa ya kuacha, mwisho wa mwezi tunaondoka. Nipe jibu kupitia Amina, yeye atanipigia kwa simu yake, neno moja tu linatosha, Tezo au Kuruwitu.

Usifikiri simpendi. Juzi alirudi mazoezini kidole kimevimba, nikamkanda kwa maji ya chumvi, akalala kichwa chake mapajani kwangu kama zamani. Nilimkanda mpaka uvimbe ukashuka. Kisha nikaenda kufunga mizigo.

Nisalimie wifi yangu Kadzo, na asante kwa macho yake, najua mwandiko wangu unamtesa. Msalimie Karisa, hata yeye. Msalimie shangazi yake Kazungu wa ng'ambo ya barabara, na yule mama mwenye duka anayekukopesha sukari, na mwalimu wa Jumapili. Mjukuu wako ameshajua kukuita bibi. Hajui kusema "Hawe" sawasawa, anasema "Awe", lakini akiiona picha yako anaita mpaka naifungia kwenye sanduku.

Kazungu yuko hapa chumbani ninapoandika. Anaangalia kwenye simu ile penalti yake, ikiisha anairudia. Sikumficha. Nimemwambia, namwandikia mama yako. Hakuinua uso. Amesema, "Msalimie."

Basi anakusalimu.

Mkaza mwanao akupendaye,
Sidi, mama yake Charo